Ziwa lisilo na bluu

Jumamosi asubuhi nilishuka ufukweni karibu na Bismarck Rock, jijini Mwanza, nikiwa na simu, stendi yake, na vipande vitatu vya karatasi ya plastiki ya kufungia zawadi: chekundu, cha kijani na cha bluu. Nilipiga picha tatu zisizo na rangi, kila moja kupitia kipande chake, kisha nikaziunganisha kwenye kompyuta baada ya kuirudishia kila moja rangi iliyopitia. Mawe yalitoka kama yalivyo, pamoja na madoa meupe ya vinyesi vya ndege. Mtumbwi uliokuwa ukipita, hata hivyo, ulitoka na matanga matatu: jekundu, la kijani na la bluu, yakifuatana juu ya maji.

Nilitaka kuona kwa macho yangu jambo lililomshinda Edward Turner, mmoja wa watu wa kwanza kujaribu kupiga filamu za rangi. Mwingereza huyo, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mwaka 1899, aliweka gurudumu la rangi hizo tatu mbele ya lenzi ya kamera, likizunguka ili kila fremu ya mkanda ipigwe kwa rangi yake, na projekta yake ilitakiwa kuangaza fremu tatu kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Fremu hizo hazikupigwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo chochote kilichosogea kiliachana na rangi zake, na mashine yenyewe haikuweza kuzilinganisha sawasawa. Turner alifariki mwaka 1903 akiwa na umri wa miaka 29. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la Bradford lilitumia kompyuta kuziunganisha fremu zake, na watoto wake wakaonekana wakiwa na alizeti mikononi, kwa rangi. Picha hizo hunigusa kila ninapozitazama.

Kabla yake rangi zilipakwa kwa brashi. Wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier jijini Paris walipaka fremu moja baada ya nyingine, kazi ninayoiheshimu sana, ingawa rangi hiyo ilikuwa ya mpakaji, si ya kitu chenyewe.

Kazi ya Turner ilirithiwa na George Albert Smith, ambaye aliamua kupunguza: rangi mbili tu, nyekundu na kijani, na takriban fremu 32 kwa sekunde, ili jicho la mtazamaji lizichanganye lenyewe. Mfumo huo, Kinemacolor, ulionyeshwa kwa umma London mwaka 1909, na watu waliusifu mno. Kinachonishangaza ni kwamba Smith aliishi pwani, na mwaka 1908 alipiga filamu ya watu ufukweni Brighton kwa mfumo usio na bluu. Upungufu huo ndio uliomwangusha: mvumbuzi mwingine, William Friese-Greene, alipoipinga hataza yake, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 1914 kwamba mfumo ulioahidi rangi za asili haukuweza kuitoa bluu, na hataza ikafutwa.

Nilirudi kwenye kompyuta nikaiondoa picha ya bluu. Mawingu ya upande wa Kamanga yakawa ya manjano, na ziwa likawa la kijani kibichi, kama limejaa magugu maji kutoka ukingo hadi ukingo. Bluu ilisubiri hadi mwaka 1932, kampuni ya Technicolor ilipotumia kamera iliyougawa mwanga kwa prizimu na kuupeleka kwenye mikanda mitatu kwa wakati uleule, hivyo tanga linalosogea likabaki moja.