Saa kumi ya ami

Mabango yetu yalitoka gatini hadi Ngome ya Lamu juu ya mgongo wa punda. Nilikuwa mwaka wa nne, sayansi ya kompyuta, na idara ilikuwa imeamua kuleta maonyesho ya utafiti kisiwani ili makampuni ya pwani yaje yaone kazi za wanafunzi na, Mungu akijalia, yatuchukue.

Kazi yangu ilikuwa programu ya maji kujaa na kupwa. Inachukua vipimo vya kina cha bahari, inatenganisha mvuto wa mwezi, unaorudi kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na ule wa jua, unaorudi kila saa 12, kisha inaijumlisha mivuto hiyo upya kwa siku zijazo. Mvuvi anatuma ujumbe mfupi kwa simu yoyote, hata mulika mwizi, naye anarudishiwa saa za maji. Mimi ni mzaliwa wa Faza, kisiwani Pate. Tangu utotoni najua chombo kupwelewa usiku, kuachwa na maji kikakwama, ni nini, na kazi ile niliifanya kwa moyo wote.

Bwana wa kampuni ya simu aliuliza ujumbe mmoja utamgharimu mvuvi kiasi gani, akachukua karatasi yangu akapita. Mama mmoja anayenunua kamba na pweza yeye alivuta kiti. Barafu yake huyeyuka akingojea mashua, na alitaka kujua mapema zitaingia saa ngapi. Tulikuwa katikati ya mazungumzo hayo alipofika ami yangu, nahodha, ambaye nilikuwa nimemwalika mwenyewe.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Haya, nionyeshe."

Nikamwambia atume ujumbe. Jibu likaja, akaisogeza simu mbali na macho, akasoma polepole: Maji kujaa 10:24 na 22:49.

"Saa kumi?" Akanitazama. "Yeo mwezi nane, mwanangu. Haya ni mai mafu. Kujaa saa kumi ni bamvua. Na hii ishirini na mbili ni saa gani?"

Masikio yalinipata moto. Hesabu ilikuwa sawa kabisa: maji yangejaa saa nne na dakika ishirini na nne asubuhi, na ami alilijua hilo kwa kuhesabu siku tangu mwezi kuandama tu: siku ya nane ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, si bamvua, yale maji makubwa. Lakini saa nilizoandika zilikuwa za Kizungu. Sisi chuoni tukiona 10:24 kwenye skrini tunatamka saa nne bila hata kufikiri. Ami ameseti simu yake kwa saa za Kiswahili. Kwake kumi ni kumi. Na siku ile saa kumi jioni ndiyo ilikuwa saa ya maji kupwa. Fikiria kijana asiyejua kuhesabu mwezi, ameuamini ujumbe wangu, anaingia Mkanda, mlango ule mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, ambao vyombo huutegea maji yakijaa. Angelala matopeni.

Miezi yote ile mabango yangu yalisomwa na walimu na wanafunzi wenzangu, wala hakuna aliyeliona kosa hilo. Mpaka leo naamini nahodha mmoja mezani anastahili kuwa na sauti sawa na jopo zima la wakaguzi.

Nilifungua kompyuta palepale, ami amesimama begani kwangu, yule mama akingoja. Nikapunguza saa sita, nikaongeza asubuhi na usiku, kisha ami akasema niweke na mwezi, "ili mtu aweze kukukosoa." Akatuma tena. Mwezi 8, maji mafu. Kujaa saa 4:24 asubuhi, saa 4:49 usiku.

Hakusema kitu. Alitangulia kutoka, tukamfuata mimi na yule mama, tukapita Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, hadi gatini. Ilikuwa saa nne na nusu hivi. Maji yalikuwa chini ya ngazi za juu, kama yanavyokuwa maji mafu, yamesimama. Kipande cha kumbi la nazi kilielea kando ya nguzo, hakiendi huku wala kule. Ami alikitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia yule mama na kumuuliza barafu yake anaitoa wapi.