Ekseli za mkokoteni wangu zilivyoacha kupinda

Mkokoteni wangu wa kwanza ulibeba madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji, na haukumaliza wiki. Magurudumu ya baiskeli yalitanuka kwa chini kama miguu ya ndama mchanga. Nikadhani ni spoki. Nikaweka mpya, yakatanuka tena.

Tatizo lilikuwa ekseli, kile chuma cha katikati ambacho gurudumu huzungukia. Nilikuwa nimeibana upande mmoja tu, kwenye bomba la ndani la mkokoteni. Ekseli ya gurudumu la mbele haifiki unene wa sentimita 1, na imetengenezwa ishikwe na uma wa baiskeli pande zote mbili; ukiishika upande mmoja, mzigo unaikunja.

Nikaongeza bomba la pili nje ya kila gurudumu. Kutoka kwenye uma za baiskeli chakavu nikakata zile ncha zenye nafasi ya ekseli, nikazipanga kwenye mabomba hayo mawili zitazamane. Hapa usiharakishe kabisa! Zikipishana kidogo tu, mkokoteni utavuta upande mmoja. Nilipima kwa kamba kutoka mbele hadi nyuma, fundi akashikiza kwa vidoti vya kuchomelea, tukapima tena, ndipo akachomelea moja kwa moja. Magurudumu tulikuwa tumeyatoa, moto usiunguze grisi ya gololi.

Madumu ni yaleyale manne, njia ileile ya mawe, na ekseli zimenyooka.