Kutoka Isevya Hadi Chini ya Kreta

Siku tuliyovunja kikoba chetu hapa Isevya, Tabora, mama mkwe wangu aliniambia, "Mwanangu, watu wanavuka bahari kuja kuiona Ngorongoro. Mimi nitakufa nimeiona kwenye kalenda." Ana miaka 67, na amesomesha watoto watano kwa asali na karanga. Usiku ule sikupata usingizi. Kikao kilichofuata nikatoa wazo: nje ya hisa zetu, kila wiki kila mmoja aweke buku tano, yaani shilingi elfu tano, ya safari. Wanawake sita tukakubaliana, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeligusa lile sanduku.

Bei ya kwanza niliyopewa kwa simu ilinivunja moyo. Nadhani walinihesabia kama mgeni. Aliyetufungua macho ni mpwa wa mmoja wetu anayefanya kazi Karatu. Akasema kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, kinachokula hela ni gari, kwa sababu kushuka kreta, lile bonde la volkano lenyewe, lazima liwe la kuvuta magurudumu yote manne. Na gari bei yake ni ileile, muwe wawili au sita. Kwa hiyo jazeni viti. Ushauri huo ndio uliotufikisha.

Jambo la pili: usifike Arusha. Tulipanda basi alfajiri, Nzega, Igunga, Singida, tukapita Katesh chini ya mlima Hanang, Babati, kisha tukashuka Makuyuni kwenye njia panda. Ukienda mpaka Arusha utairudia barabara hiyohiyo. Pale tukapata Coaster ya Karatu kupitia Mto wa Mbu, na ilipoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likabaki chini yetu likiwaka jua la jioni.

Saa 11 alfajiri dereva alikuwa mlangoni kwa gesti. Vitambulisho vya NIDA nilivikusanya mwenyewe tangu Tabora nikaviweka kwenye pochi moja, maana bei ya Mtanzania inataka uthibitishe uraia. Pale lango la Loduare havikutusumbua hata kidogo. Kilichotusumbua ni ukungu. Juu ya ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, tulisimama tumejifunga vitenge juu ya masweta, na mbele yetu kukawa na weupe mtupu. Mama mkwe alinyamaza. Dereva, kijana wa Kiiraqw, akamwambia, "Bibi, usihuzunike. Tukishuka, wingu tutaliacha juu."

Ikawa hivyo. Katikati ya mteremko wa Seneto weupe ulipasuka, na bonde lote likajitandaza: kilomita za mraba kama 260, limezungushiwa kuta za mita 600 hivi. Dereva alitueleza kwamba hapa palikuwa na mlima mkubwa wa volkano, ukaporomoka ndani yake wenyewe miaka kati ya milioni mbili na tatu iliyopita. Sisi tumekulia kwenye miombo, ambako mnyama unamsikia kabla hujamwona. Huku kila kitu kiko wazi. Nyumbu na pundamilia hawahesabiki, simba wawili walikuwa wamelala kwenye kivuli cha gari lililotutangulia, na mbali kabisa kulikuwa na faru mweusi aliyeonekana kama jiwe mpaka alipogeuza kichwa. Mama mkwe akauliza twiga wako wapi. Kumbe hawashuki, kuta ni kali mno kwao.

Ukifika bwawa la Ngoitokitok, kula ndani ya gari. Shoga yangu alitoka na chapati, mwewe akashuka akaichukua mkononi mwake.

Mchana tukaenda Oldupai, bonde la mabaki ya binadamu wa kale, maana gari lilikuwa letu siku nzima. Nashauri sana msipaache. Hapo ndipo Mary Leakey alipopata fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus mwaka 1959. Lakini kilichotushika ni nakala ya nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6, nyayo za waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu mabichi ya volkano. Mama mkwe aliinama akazitazama muda mrefu, vidole, kisigino. Akasema taratibu, "Huyu mdogo alikuwa anamfuata mama yake." Hatukujibu. Dereva ndiye aliyetukumbusha kwamba lazima tuwe tumetoka langoni kabla ya saa 12 jioni.

Kesho yake, Mto wa Mbu, tukanunua ndizi nyekundu za kupeleka nyumbani, tukasubiri basi Makuyuni. Kabla hatujafika Singida, mama mkwe alishauliza nauli ya treni mpaka Kigoma na boti ya kwenda Gombe. Sanduku tumelifungua upya Jumapili iliyofuata, na safari hii tuko tisa.