Kumbukumbu ya pochi: ukingo wa kwenye mkunjo hatimaye umetulia

Umetulia. Nimeikunja pochi na kuikunjua mpaka vidole vimechoka, nimeiweka mfuko wa nyuma nikaikalia, nimeigeuza chini ya taa nikitafuta ule ufa mwembamba, na haupo. Anayefuatilia mradi huu wa kushona pochi ya ngozi anajua ufa huo umenitesa kiasi gani. Kwa hiyo sitarudia habari za kukata na kutoboa. Vipimo ni vilevile, kadi bado ni milimita 85.6 kwa 54, na mifuko imepangwa kwa ngazi kama kawaida. Leo ni zile sentimita mbili tu za ukingo, pale pochi inapojikunja.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Ganda la nje ni ngozi ya ng'ombe iliyochakatwa kwa magome ya miti, unene milimita 1.2, kipande cha mgongoni. Bitana ni ngozi ya mbuzi ya milimita 0.6. Kingo zilizonyooka hazijawahi kuniletea shida: msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000, gamu kidogo ya kulaza nyuzinyuzi, kijiti cha kusugulia, nta, na zinang'aa mpaka huoni ngozi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mkunjoni mambo ni mengine. Siku ya kwanza pazuri kama kwingine. Ikikaa mfukoni wiki kadhaa, mstari unachomoza katikati ya matabaka mawili, mwembamba kama unywele. Baadaye unaanza kula vumbi, kisha unaingia ukucha. Ukiuziba kwa nta unapata amani ya muda mfupi, halafu nta inapasuka na kuacha chembechembe nyeupe ambazo ni mbaya kuliko ufa wenyewe.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa gundi, kama ilivyo ada. Nikaacha gundi ya maji, nikahamia gundi ya mpira. Ikashika muda mrefu zaidi, kisha ikaachia vilevile. Ila safari hii niliichunguza kwa kioo cha kukuzia kabla ya kuibandika upya, na nilichokiona kilinifanya niweke kisu chini. Upande wa bitana haukuwa na gundi tupu. Ulikuwa na manyoya: nyuzinyuzi za ngozi ya mbuzi zimeng'oka na mizizi yake, zimenata kwenye gundi ya upande wa pili. Maana yake gundi haikushindwa. Ilishika barabara, ngozi ndiyo iliyochanika. Ukifika hapo, kubadilisha gundi tena ni kupoteza muda.

Basi nikaigeukia bitana. Niliuziwa kama ngozi ya magome, muuzaji akaapa. Nilipoikata kwa wembe mpya, katikati ya unene wake kulikuwa na ukanda wa kijivu unaoelekea samawati, na hiyo ni sahihi ya kromu, yaani ngozi iliyochakatwa kwa chumvi za kromu badala ya magome. Kuondoa ubishi nikachukua vipande viwili vyembamba vya masalio, kimoja cha ganda la nje na kimoja cha bitana, nikavitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Cha ganda kilijikunyata papo hapo, kikajiviringisha na kilipokauka kikawa kigumu kama pembe. Cha bitana kilitoka kilivyoingia, laini, kinaning'inia. Ngozi ya magome haihimili maji ya kuchemka, ya kromu iliyochakatwa vizuri inahimili. Hakuna cha kujadili na muuzaji baada ya hapo.

Kromu si ngozi mbaya, tusielewane vibaya. Ni laini, inavumilia maji, na pochi nyingi zinazodumu zimetengenezwa nayo. Tatizo ni kwamba nyuzinyuzi zake hazilali. Unasugua kwa kijiti, zinainama, ukiinua mkono zinasimama tena. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa ngozi ya kromu ama wanazikunja kingo kwa ndani ama wanazipaka rangi nzito. Na hapa nichepuke kidogo, maana huwa naulizwa na watu wanaotaka kununua tu, si kushona: anza na ukingo. Maneno "ngozi halisi" yaliyopigwa muhuri ndani hayakuambii chochote, kwani hata tabaka la chini lililopakwa plastiki huitwa hivyo. Ukingo uliosuguliwa ukaonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana umekuambia ukweli. Ukingo uliofunikwa kwa rangi nene unaweza kuwa umeficha ngozi nzuri au umeficha takataka, hivyo hamia kwenye uso: bonyeza kwa kidole gumba. Uso wa ngozi ambao haujasagwa hutoa vikunyanzi vidogovidogo visivyofanana. Uliopakwa plastiki hubonyea bapa, kama kitambaa cha meza.

Turudi. Nilileta bitana mpya, mbuzi wa magome kweli (huyu nilimchemsha kwanza). Kingo zilizonyooka zikawa nzuri zaidi. Mkunjo? Ufa uleule. Nikakaa nao nikautazama, nikahisi unanicheka.

Kilichofungua mambo ni kalamu na karatasi. Ukikunja matabaka mawili kwa pamoja, la nje linasafiri njia ndefu kuliko la ndani. Tofauti yao ni umbali kutoka katikati ya tabaka moja hadi katikati ya jingine, mara pembe ya mkunjo. Kwangu ni nusu ya 1.2 na nusu ya 0.6, yaani 0.9. Mkunjo kamili wa digrii 180 ni pai, 0.9 mara 3.14, jibu milimita 2.8. Karibu milimita tatu! Hizo lazima ziende mahali. Ukigundisha pochi ikiwa imelala bapa mezani, kila unapoifunga bitana inakuwa ndefu kuliko nafasi yake kwa milimita tatu, inajikusanya, inasukuma, na sehemu dhaifu kuliko zote ni pale ukingoni. Hakuna gundi wala kijiti cha kuzuia hilo.

Kilichonikera zaidi ni kwamba upana wa mkunjo haumo kwenye hesabu. Kuuzungusha mkunjo uwe mpana hakupunguzi ile 2.8, kunaitawanya tu kwenye urefu mkubwa zaidi. Inasaidia, lakini haiponyi.

Dawa iliyozoeleka ni kugundisha pochi ikiwa imekunjwa kabisa. Nimeijaribu na siipendi: ukiifungua, bitana inakazwa kama ugwe wa upinde, ganda linapinda mgongo, na pochi haitaki kulala wazi hata ukiwa unahesabu noti. Kwa hiyo nikagawa maumivu. Gundisha kwenye digrii 90. Ikifungwa, tofauti ni milimita 1.4 upande huu. Ikifunguliwa, ni 1.4 upande ule. Ngozi nyembamba kiasi hicho inaweza kumeza 1.4 bila kulalamika.

Kwa vitendo: nina kipande cha ubao mgumu ambacho kona yake nimeiviringisha kwa randa na msasa. Nusu moja ya bitana nagundisha bapa na kuiacha ikauke. Kisha ganda linapanda juu ya kona ya ubao, na nusu ya pili ya bitana inagundishwa ikiwa imepinda hivyo hivyo, vibanio vinashika na vipande vya masalio chini yake ili visiache alama. Eneo la mkunjo napaka gundi ukanda mwembamba tu kandokando ya ukingo, katikati naiacha huru. Bitana ilikatwa kubwa tangu mwanzo, ziada inaondolewa gundi ikishakauka. Na hata kusugua nasugulia palepale kwenye kona ya ubao, pochi ikiwa nusu wazi. Mkunjoni sitii nta. Ni gamu peke yake, tabaka jembamba, kavu, tena jembamba, kisha kipande cha turubai mpaka kiwe cha moto mkononi.

Kuhusu gamu: nimetumia gamu ya kawaida ya traganti (utomvu wa mmea) na nimetumia Tokonole ya Wajapani. Tokonole inang'aa haraka na hainati vidoleni, nakiri uzuri wake, lakini kwa kazi hii gamu ya kawaida imeniridhisha vilevile. Mota ya kusugulia mimi sina haja nayo. Kwenye ukingo mrefu wa mkanda sawa. Kwenye pochi inaunguza ukingo ukawa mweusi kabla hujaondoa mguu kwenye swichi. Na wanaosema lazima uma wa kutobolea wenye nafasi ya milimita 2.7 kati ya meno ndipo pochi ionekane ya heshima, nawaheshimu, ila mimi nabaki na 3.38. Kwenye bitana ya 0.6, matundu yaliyobanana sana ni mwaliko wa kuchanika.

Jambo moja la matunzo, kwa sababu linagusa ukingo huu moja kwa moja: mafuta. Ngozi ya magome ikianza kukauka unaipaka mafuta ya kwato au krimu kidogo, kwenye uso tu, kwa kitambaa kilicholoa kidogo sana. Usiyapitishe ukingoni. Ukingo unanyonya kama utambi, nyuzinyuzi ulizozilaza kwa jasho zinalegea na kufura. Ikilowa mvua, toa kadi zote, ifute, iache ikauke kivulini ikiwa na umbo lake, mbali na jua na jiko.

Mpango ulikuwa sasa nihamie kwenye mfuko wa sarafu na kupaka kingo rangi ya kahawia iliyokolea. Nimeahirisha vyote viwili. Ile hesabu haijaniachia: kama umbali kati ya matabaka ndio chanzo, je, pakiwa na tabaka moja tu? Ganda moja la milimita 1.6 bila bitana, upande wa nyama, yaani wa ndani, umelainishwa kwa gamu mpaka uteleze, mkunjoni limechongwa hadi milimita 1.0. Paneli za kadi zinaishia milimita 6 kabla ya mkunjo kila upande, kusiwe na mshono wala gundi inayouvuka. Kiolezo cha karatasi nimeshakikata. Bado nabishana na nafsi yangu iwapo milimita 1.0 itahimili noti zikijaa au nibaki na 1.2.