Mwezi niliouwasha kimakosa Kibirizi

Mwongozaji wa filamu alinirudishia kurasa kumi na mbili za kwanza za skripti niliyoitoa kwenye riwaya yangu, zikiwa na duara jekundu kila penye neno "alikumbuka". Nikahesabu: 19. Pembeni kaandika kwa kalamu ileile: "Mwalimu, hii nitaipigaje picha?"

Usingizi ulikataa. Riwaya hiyo nimeiandika miaka minne, usiku, nikishasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, na sehemu niliyojivunia kuliko zote ni sura ya sita. Mjane wa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, anakaa ufukweni, anamkumbuka mumewe aliyemezwa na ziwa. Kurasa nne za kukumbuka! Wasomaji wawili watatu walinipigia simu kusema wamelia. Leo naambiwa kamera haioni mtu anachokumbuka. Inaona anachofanya, kipaza sauti kinanasa anachosema, basi. Halafu ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo kitabu cha kurasa 212 kijibane kwenye 90.

Nikashuka Kibirizi kwa mama mdogo. Nisijifanye nilikwenda kufanya utafiti, nilikwenda kulalamika. Yeye anaanika dagaa pale tangu sijaanza shule. Nilipomkuta ameinama kwenye kichanja, likanijia jambo la zamani. Mwanawe wa mwisho alikuwa amelazwa, na simu ya aliyekuwa naye wodini haikupokelewa. Mama mdogo alikuwa anageuza dagaa. Walishakauka tangu saa sita. Akawageuza wote, akafika mwisho wa kichanja, akarudi mwanzo, akaanza tena. Hakusema neno hadi simu ilipoita. Niliyaona hayo kwa macho yangu, lakini siku ya kumwandika mjane nikampa kurasa nne za mawazo, kichanja nikamnyima.

Sini hiyo, yaani onyesho la mjane ufukweni, sasa ni nusu ukurasa, na mjane hatamki kitu. Duara halijarudi.

Aibu ya pili ilitoka kwa mjomba, ambaye ni mvuvi. Nilimsomea kwa sauti, nikitegemea sifa: "Nje. Ziwani. Usiku. Mbalamwezi. Taa za wavuvi zimetapakaa juu ya maji."

"Huo mwezi umetoka wapi?"

"Si usiku, mjomba?"

"Mjomba wewe! Mwezi ukiwaka hivyo sisi tuko nyumbani tunashona nyavu. Dagaa atafuata taa ya nani na ziwa zima limeshaangaza?"

Mimi ni mzaliwa wa Mwanga. Mtoto gani wa Kigoma hajui kwamba dagaa huvuliwa gizani, na kwamba mbalamwezi ikifika bei sokoni inapanda? Nilijua. Lakini nilipokuwa naandika, mwezi ulipendeza kando ya zile taa, nikauwasha. Kitabuni ulipita salama, labda kwa sababu wanunuzi wangu wengi wako Dar. Kwenye filamu ungechekwa mwalo mzima.

Kuna moja ambalo sijakubali moyoni. Nilitaka MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ipite nyuma ya mjane. Mwongozaji aliniuliza kama najua gharama ya kupata meli. Sijui, kwenye riwaya meli ni wino tu. Lakini chombo hicho ndicho kilichonitia hamu ya kuandika tangu utotoni, babu akituhadithia: kilijengwa Ujerumani mwaka 1913, kikafunguliwa vipande, kikaletwa ndani ya masanduku kuungwa hapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakakizamisha wenyewe, wakipaka mashine grisi kwanza ili wakirudi waikute nzima. Mwaka 1924 Waingereza wakakiibua, na 1927 kikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hayo yote yamebaki honi moja kutoka mbali, mjane ananyanyua kichwa. Mwongozaji anasema inatosha. Mimi nasema mtu wa Kigoma ataishia kugeuka aitafute hiyo meli.

Sini ya 31 bado, ile ya mume kuwasha taa kwa mara ya mwisho. Nimeifuta mara tano, maana sijawahi kukaa mtumbwini usiku kucha. Giza, zile siku zisizo na mbalamwezi, linaingia wiki ijayo. Mjomba kaniambia nije na koti zito, na daftari nililaze nyumbani, litalowana.