Moto Unaojificha Kwenye Mizizi

Oktoba ikifika na upepo ukaanza kushuka kutoka Mlima Kilimanjaro, nanusa hewa kabla hata sijanawa uso. Mazoea haya yalinianza mwaka 2020.

Jumapili ile, tarehe 11 Oktoba, moto ulizuka Whona, pale wanapopumzika wapandaji kati ya kambi za Mandara na Horombo. Usiku ukawa unaonekana hadi Moshi mjini. Taarifa za mwanzo zikasema umetokana na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, waliokuwa wakipasha chakula. Mimi ni mgumu, njia ile nimeibebea mizigo miaka tisa. Habari hiyo ilinichoma. Alfajiri nilikuwa getini Marangu na panga langu.

Tulikuwa mamia: askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha Mweka, wagumu, vijana wa vijijini. Kule juu gari la zimamoto halifiki, kwa hiyo tulipambana kwa matawi mabichi, mapanga na majembe. Wa mbele wanapiga miali, wa nyuma wanafyeka na kukwangua hadi udongo mtupu, moto ukifika hapo ukose cha kula. Na tawi halipigwi kwa kuliinua juu, maana linarusha cheche nyuma yako. Unalikandamiza chini. Hilo nililijua baada ya suruali kushika moto gotini.

Lakini miali unaiona. Kinachotesa ni udongo wenyewe: mweusi, mwepesi, umejaa mizizi na majani ya miaka mingi. Ukikauka, unaungua chini kwa chini. Siku ya tatu tulikuwa tumemaliza kipande chetu, tumekaa tunakula ndizi alizonifungia mama. Mzee mmoja, askari wa hifadhi, akavua glavu, akapitisha mgongo wa kiganja juu ya majivu, karibu bila kugusa.

"Huu haujalala, mwanangu. Chimba."

Nikachimba hadi mkono ukazama kiwikoni. Nikakuta mzizi wa erika, kile kichaka cha mlimani, mnene kama kidole gumba, unafuka kidogo tu. Nilipoukata, ndani ulikuwa mwekundu kama kaa. Tukaacha ndizi. Kutwa nzima tulipapasa ardhi ile hatua kwa hatua, tukichimba na kufukia, na jioni vidole vyangu havikukunjika.

Erika zile ndizo zinazonasa ukungu, ukadondoka matone, ukaingia ardhini, ukaja kutoka kwenye vijito vinavyojaza mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia mashamba. Migomba ya mama inakunywa kutoka huko. Ndiyo maana siwezi kusikia mtu akisema kimeungua kichaka tu.

Juzi nilipita Whona na mzigo kichwani. Katikati ya visiki vyeusi erika changa zimeshanifika kiunoni. Nikatua mzigo, nikaweka mgongo wa kiganja chini. Udongo ulikuwa wa baridi, umelowa umande.