Alama ya kwanza niliyoiharibu

Alama ya kidole ya kwanza niliyoachiwa niichukue mwenyewe kwenye eneo la tukio niliiua. Ilikuwa kwenye kioo cha dirisha, safi kiasi kwamba ukimulika tochi kwa ubavu unahesabu mistari yake. Nikajaza brashi unga mweusi, nikasugua. Kufumba na kufumbua nafasi kati ya mistari zimejaa, limebaki doa jeusi tupu. Mkuu wangu akachungulia, akaniuliza kwa upole uliouma kuliko matusi: "Kijana, unapiga viatu kiwi?"

Bahati nzuri alikuwa ameshaipiga picha, rula ikiwa kando yake. Tangu siku hiyo sigusi kitu kabla kamera haijapita.

Nikarudi kwenye vioo vya mazoezi. Nilikuwa najipangusa paji la uso, nabonyeza kidole kwenye kioo, naanza upya, wiki baada ya wiki. Kilichonitoa ni kupunguza: unga kidogo kwenye karatasi, ncha za nywele za brashi ziuguse tu, naikung'uta, kisha naizungusha kwa vidole viwili kama vile haitui. Mistari ikijitokeza nafuata mwelekeo wake. Pagumu ni kuacha. Mkono unatamani kuongeza kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachoua.

(Alama iliyo kwenye karatasi ni habari nyingine. Hapo tunatumia kemikali iitwayo ninhidrini, inayokutana na asidi amino za jasho na kutoa rangi ya zambarau.)

Utepe wa kunata naulaza juu ya alama kuanzia ukingo mmoja, gumba likisukuma hewa nje, naubandua kwa mkupuo mmoja, naubandika kwenye kadi nyeupe. Halafu kalamu: tarehe, saa, mahali, upande wa kioo, mshale wa kuonyesha juu ni wapi, sahihi. Zamani niliona huo ni ukarani.

Mpaka nikasimama kizimbani kutoa ushahidi. Wakili wa utetezi alisema mteja wake alipita nje, akaegemea dirisha. Nikaomba kadi, nikasoma nilichoandika: uso wa ndani, sentimita 12 kutoka fremu ya chini. Akanyamaza kidogo, akabadili njia.

"Na alama hiyo iliwekwa lini?"

Nilimwona mkuu wangu benchi la nyuma, ananitazama.

"Sijui, wakili. Alama haionyeshi tarehe."

Nikaishia hapo.